Pampu ya mkono, injini ya mvuke au gari la petroli: ungekuwa diwani ungenunua ipi?

Kwa miaka sabini hivi, kuanzia miaka ya 1850, halmashauri za miji ya Marekani zilikutana mara mbili na swali lile lile: tubaki na mtambo wa zimamoto tulionao, au tununue mpya? Mara ya kwanza pampu ya mkono ilishindana na injini ya mvuke. Mara ya pili mvuke ulishindana na petroli. Sisi tunaosoma leo tunaona majibu mepesi kwa sababu tunajua nani alishinda. Diwani aliyekaa kikaoni mwaka 1852, bajeti imembana na wapiga kura wanamsubiri mlangoni, hakuwa na raha hiyo.

Hapa naipanga mitambo hiyo mitatu bega kwa bega, na kiti cha diwani nakuachia wewe. Mji wetu wa mfano ni Cincinnati, Ohio, maana huko ndiko kilikoanzia kikosi cha kwanza cha Marekani cha zimamoto wa mshahara chenye injini ya mvuke, tarehe 1 Aprili 1853. New York, Boston na London tutazigusa pale zilipochagua njia nyingine. Nitangulize msimamo wangu mapema: ukilinganisha mitambo hii kwa umbali inaorusha maji, utanunua vibaya. Angalia dakika ngapi zinapita kabla tone la kwanza halijagusa moto, na ni mikono ya nani inayohitajika kulifikisha.

Pampu ya mkono

Mji wa New Amsterdam, ambao baadaye ukaitwa New York, ulianza na wakaguzi. Mwaka 1648 gavana Peter Stuyvesant aliteua watu wa kukagua mabomba ya moshi na kutoza faini wenye mabomba machafu. Fedha hizo zilikwenda kwenye ndoo za ngozi, ngazi na kulabu za kubomolea nyumba. Pampu zilifika mwaka 1731, mbili, kwa meli kutoka London. Zilitengenezwa na Richard Newsham, aliyepata hataza yake ya kwanza mwaka 1721.

Pampu ya Newsham inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu siri yake moja iliishi miaka mia mbili. Ni sanduku refu la mbao juu ya magurudumu madogo. Sanduku lenyewe ndilo tangi, nalo lilijazwa kwa ndoo au kwa mpira wa kuvuta maji kisimani. Pande zote mbili kulikuwa na mipini mirefu, watu wamejipanga, hawa wakikandamiza wale wananyanyuliwa. Wengine walipanda juu wakaongeza nguvu kwa kukanyaga kwa miguu. Chini ya mipini kulikuwa na pistoni mbili zinazopokezana. Pistoni ikisukuma, maji hutoka kwa mshindo, kisha hunywea, kisha mshindo tena. Newsham aliweka chombo cha hewa kati ya pistoni na mdomo wa kutolea maji. Mshindo unapokuja, maji yanaibana hewa iliyomo ndani. Mshindo unapokoma, hewa ile inatanuka na kuendelea kuyasukuma maji. Nje unaona mkondo mmoja usiokatika. Kikumbuke chombo hicho, tutakutana nacho tena kwenye petroli.

Kufikia miaka ya 1840 pampu za mkono zilikuwa zimekua. Zile kubwa zilihitaji watu arobaini, hamsini, hata sitini. Mwendo wa kawaida ulikuwa kama mapigo sitini kwa dakika, na kwenye mashindano walifika maradufu ya hapo. Jaribu kuinamia mpini na kuuinua mara sitini kwa dakika uone mabega yako yatadumu muda gani. Hao walikuwa vijana wenye nguvu, lakini walibadilishana zamu kila baada ya dakika chache, na moto mkubwa huchukua saa nyingi.

Moto ukiwa mbali na maji, pampu zilipangwa foleni. Ya kwanza ilivuta mtoni na kusukuma maji kwenye tangi la pili, la pili likasukumia la tatu, hadi aliye mbele akaelekeza kwenye moto. Hapo ndipo fahari na fedheha za vikosi vya kujitolea zilipozaliwa. Walio nyuma yako wakipampu haraka kuliko wewe, tangi lako linafurika maji yamwagike barabarani mbele ya mji mzima. Wenyewe walisema umeoshwa. Kikosi kilichooshwa kilikuwa na habari ya kusimuliwa vilabuni kwa miaka, na kile ambacho hakijawahi kuoshwa kilitembea kifua mbele.

Sifa za pampu hii zisipuuzwe. Ikifika, inafanya kazi papo hapo, hakuna kuwasha chochote. Bei yake ni nafuu. Inakokotwa kwa kamba na watu wenyewe, kwa hiyo hailishwi nyasi wala makaa. Ikivunjika, mhunzi wa mtaani anaiunga.

Ubaya wake ni watu. Kwanza wanachoka. New York ililijua hilo usiku wa tarehe 16 Desemba 1835, moto uliposhika eneo la wafanyabiashara katika baridi kali. Haidranti, yaani mabomba ya mtaani ya kuchotea maji ya kuzimia moto, ziliganda, mto uliganda, wazimamoto wakatoboa barafu ili wapate maji, na maji yakaganda ndani ya mipira. Watu wenyewe walikuwa wamechoka na moto wa siku chache nyuma. Mamia ya majengo yaliteketea.

Pili, ukiwaweka pamoja vijana hamsini wenye nguvu, jina, bendera na wimbo wao, umeunda pia chama cha siasa. William Tweed, yule aliyekuja kuitia mfukoni serikali ya jiji la New York, alianza kujulikana akiwa kiongozi wa kikosi cha pampu cha Americus namba 6. Isitoshe, kampuni za bima zilikuwa zikitoa zawadi kwa kikosi kitakachotangulia kumwaga maji. Matokeo yake unaweza kuyabashiri. Kengele ikilia, kijana mmoja alitumwa mbio na pipa. Kazi yake ilikuwa kulifunika haidranti kwa pipa, akae juu yake, na asimwachie mtu mpaka pampu ya kwao ifike. Wapinzani wakija, ngumi. Nyumba inaendelea kuungua.

London walijaribu njia ya kati, nami naiona ya werevu kuliko inavyosifiwa. Kampuni za bima ziliunganisha vikosi vyao mwaka 1833 chini ya James Braidwood, aliyekuwa ameongoza zimamoto ya Edinburgh tangu 1824. Alikuwa na wazimamoto wachache wa mshahara, waliofunzwa kuingia ndani ya jengo na kuufuata moto ulipo. Kupampu ilikuwa kazi ya watazamaji, waliolipwa palepale: shilingi moja kwa saa ya kwanza, nusu yake kwa kila saa inayofuata, na bia juu. Bia ikichelewa, umati ulisimamisha mipini na kuimba ukiidai. Ni utaratibu wa kuchekesha, lakini ulitenganisha ujuzi na misuli. Aliyejua moto alilipwa mwaka mzima, na mwenye misuli alilipwa kwa saa.

Injini ya mvuke

Wengi hudhani miji ilichelewa kutumia mvuke kwa sababu mashine haikuwapo. Ilikuwapo. Mwaka 1829 John Braithwaite na John Ericsson walitengeneza London injini ya mvuke ya kuzimia moto, uzito wake tani mbili na ushee. Ilifanya kazi kwenye moto halisi, na bado kikosi hakikuinunua. Braidwood alikuwa na hoja: mabomba ya London hayakuwa na maji ya kuilisha mashine kama ile, na alihofia kwamba mkondo mkubwa ungewafanya watu wake wasimame mbali badala ya kuingia ndani. New York nayo, kwa fedha za kampuni za bima, ilijaribu injini ya Paul Hodge mwaka 1841 mbele ya City Hall. Ilikuwa nzito kupita kiasi, na vikosi vya kujitolea havikutaka hata kuiona. Ikaishia hapo.

Kilichobadilika Cincinnati kilikuwa hasira za wananchi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1851 kiwanda cha mbao kilishika moto, vikosi viwili vikaanza kupigana, vingine vikaingilia, na hata waliovuka mto kutoka Covington, Kentucky, kuja kusaidia waliishia kusaidia ugomvi. Kiwanda kikaungua chote. Watu walichoka.

Abel Shawk na Alexander Bonner Latta, mafundi wa hapo hapo mjini, walipewa kazi ya kuunda injini. Mashine ilijaribiwa hadharani tarehe 1 Januari 1853, ikaitwa Uncle Joe Ross kwa heshima ya diwani Joe Ross aliyeipigania kwenye halmashauri. Uzito wake ulikuwa kama tani kumi. Ilivutwa na farasi wanne, na mvuke wenyewe ukisaidia kuzungusha magurudumu. Injini ya pili ilinunuliwa kwa michango ya wananchi, nayo ikaitwa Citizens' Gift, zawadi ya wananchi.

Mkuu wa kwanza wa kikosi kipya alikuwa Miles Greenwood, mwenye kiwanda cha chuma, ambaye mwenyewe alitoka katika vikosi vya kujitolea. Anakumbukwa kwa kuisifu mashine ile kwamba hailewi, hairushi vipande vya matofali, na kasoro yake ni moja tu: haiwezi kupiga kura. Maneno hayo yanaeleza ununuzi ule kuliko takwimu yoyote ya lita. Halmashauri ilikuwa inanunua njia ya kupunguza umati kutoka watu mia kadhaa hadi wachache wanaolipwa na wanaoweza kufukuzwa kazi. Pampu ilikuja pamoja na hilo.

Sasa dakika. Maji baridi hayatoi mvuke kwa kuombwa. Boila ya Latta, yaani tangi la kuchemshia maji, ilisifiwa kwa sababu ilitumia mirija myembamba yenye maji machache, hivyo mvuke ulipatikana ndani ya dakika chache, si nusu saa. Miaka iliyofuata vituo vilipata ufumbuzi bora. Kituoni kulikuwa na boila ndogo isiyozimwa, na bomba lake liliunganishwa na boila ya injini iliyoegeshwa, ili maji yabaki moto usiku na mchana. Kengele ikilia, injini inatoka, kiungio kinaachia, vali zinajifunga. Ndani ya tanuri tayari kuna karatasi, vijiti na makaa vilivyopangwa. Mtu mmoja anatupia moto huku magurudumu yanazunguka, na kelele za farasi mbele yake. Wakifika kwenye haidranti, mvuke upo.

Hata ufungaji wa farasi ulipunguzwa hadi ukawa wa kuhesabu kwa pumzi. Matandiko yalining'inizwa darini juu ya mahali farasi watakaposimama. Kengele inafungua milango ya mazizi, farasi waliofunzwa wanatoka wenyewe na kusimama mahali pao, matandiko yanashuka mgongoni, kola inabanwa shingoni kwa kifungo kimoja. Wanadamu nao walikuwa bado wanateremka ngazi, mpaka David Kenyon wa kikosi namba 21 cha Chicago, kikosi cha wazimamoto weusi, alipoweka nguzo ya mbao mwaka 1878 ili watu wateleze moja kwa moja hadi chini. Vikosi vingine viliwacheka kwanza, halafu vikaiga. Boston ikaweka ya shaba nyeupe mwaka 1880.

Injini kubwa za mvuke zilizofuata, kama zile za Amoskeag za New Hampshire na za Ahrens hapo Cincinnati, zilipita lita 3,000 kwa dakika, na zilifanya hivyo kutwa na kucha mradi makaa yapo. Hakuna pampu ya mkono iliyoweza hata robo ya hayo kwa muda mrefu.

Lakini umenunua pia farasi. Anakula siku ya moto na siku isiyo na moto. Anahitaji viatu vya kwato, matandiko, daktari, na mtu wa kumzoesha. Zaidi ya yote, anaugua. Mwaka 1872 homa ya farasi ilisambaa Amerika Kaskazini ikawalaza wanyama wa mji baada ya mji. Boston, usiku wa tarehe 9 Novemba, moto ulipoanza katikati ya jiji, injini zilikokotwa na watu kwa kamba, kama enzi za babu zao. Majengo zaidi ya 700 yaliungua. Haki isemwe: farasi hawakuwa chanzo pekee. Mabomba ya maji katika eneo lile yalikuwa membamba, na mapaa ya mbao ya majengo marefu yalirukishiana moto juu ya vichwa vya wazimamoto. Mkuu wa zimamoto, John Damrell, alikuwa amelalamikia mabomba hayo kabla.

Kisichoandikwa kwenye bei ya mtambo

Hapa nitoke kidogo kwenye mitambo, kwa sababu naona ndipo madiwani wengi walipokosea.

Chicago ilikuwa na injini za mvuke 17 mwezi Oktoba 1871. Jiji liliungua vilevile. Kengele ilichelewa, na mlinzi aliyekuwa mnarani juu ya jengo la mahakama alikosea kukadiria moto uko wapi, hivyo injini za kwanza zikaelekezwa kwingine. Zilipofika, moto ulikuwa umeshatoka kwenye ukubwa ambao lita elfu tatu zinaweza kuumaliza. Baadaye mtambo wenyewe wa kusukuma maji ya jiji ukaungua.

Linganisha na walichofanya Boston miaka ishirini kabla. Tarehe 28 Aprili 1852, kwa kazi ya William Channing na Moses Farmer, waliwasha mfumo wa kwanza wa kengele za moto kwa telegrafu. Visanduku vya chuma vilitundikwa mitaani. Unafungua mlango, unazungusha hendeli, na gurudumu lenye meno ndani linakata na kuunga umeme kwa mpangilio unaotaja namba ya kisanduku. Kituo kikuu kinaisoma, kisha kengele za jiji zinagonga namba hiyo. Mzimamoto aliye kitandani anahesabu milio na anajua mtaa kabla hajavaa buti. Kabla ya hapo alikuwa anatoka nje kutafuta moshi.

Kwa hiyo nikiulizwa na diwani mwenye fedha za kitu kimoja tu katika miaka ya 1850, nitamwambia aanze na visanduku na mabomba mapana ya maji, hata kama pampu zake ni za mkono. Dakika tano zilizookolewa mwanzoni zina thamani kuliko injini kubwa inayofika moto ukiwa umekwenda nyumba ya tatu. Najua hakuna diwani aliyepigiwa makofi kwa kuzindua bomba lililofukiwa chini ya ardhi.

Kwa wanaopenda kuona kwa jicho moja:

| | Pampu ya mkono | Injini ya mvuke | Gari la petroli |
|---|---|---|---|
| Maji ya kwanza | Papo hapo ikifika | Dakika kadhaa, chache zaidi boila ikitunzwa moto | Karibu papo hapo, injini ikiwaka |
| Wanaohitajika | Makumi, kwa zamu | Fundi, mtupa makaa, mwendesha farasi na washika mipira | Dereva-fundi na washika mipira |
| Kinachoshindwa kwanza | Mabega | Farasi | Injini, hasa ile ya miaka ya mwanzo |
| Gharama ya siku isiyo na moto | Ndogo sana | Kubwa: nyasi, makaa, mishahara | Mishahara |
| Kudumu saa nyingi | Hafifu | Bora kuliko zote | Nzuri, ikizidi kuboreka |

Petroli

Magari ya kwanza ya zimamoto ya petroli hayakumwaga maji. Yalibeba mkuu wa kikosi, au mipira, au tangi la kemikali. Kuunganisha mwendo na pampu kulichukua muda. Mwaka 1904 kampuni ya Merryweather ya London iliuzia mji wa Finchley gari la petroli lililopampu kwa petroli. Marekani, kampuni ya Waterous ilipeleka gari Radnor, Pennsylvania, mwaka 1906, likiwa na injini mbili: moja ya kutembeza, nyingine ya kupampu. Mwaka uliofuata iliipatia Alameda, California, gari ambalo injini moja ilifanya kazi zote mbili. Hapo ndipo gari la zimamoto tunalolijua lilipozaliwa, hili ambalo watu wa kwetu wanaliita faya.

Wakuu wa vikosi wengi waliligomea, na hawakuwa wajinga. Injini ya petroli ya mwaka 1908 ilikuwa ya kupiga hendeli. Usiku wa baridi ingeweza kukataa, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono. Farasi aliyefunzwa hajawahi kukataa kuwaka. Matairi ya mpira mgumu yaliteleza kwenye theluji. Na mvuke ulikuwa umeshafikia ukomavu wake: mashine yenye miaka ishirini kituoni ilipampu sawa na siku iliyonunuliwa.

Kilichowageuza kilikuwa daftari la matumizi. Gari lililoegeshwa halili. Kituo kisicho na mazizi ni kidogo, kisafi, na kinahitaji watu pungufu. Na gari linafika moto wa mbali likiwa na nguvu zile zile lilizoanza nazo, wakati farasi waliovuta tani nne kwa kasi kilomita tatu wanafika wakitweta. Mji wa Savannah, Georgia, ulihamia kwenye magari kikamilifu mwaka 1911. Miji mikubwa ilichukua muongo mzima zaidi: New York iliwatoa farasi wake wa mwisho Brooklyn tarehe 20 Desemba 1922, Chicago mwanzoni mwa 1923.

Kati ya hapo kulikuwa na chaguo la nne, na binafsi ndilo ninalolipenda. J. Walter Christie aliuza kichwa cha petroli chenye magurudumu mawili tu. Unaing'oa sehemu ya mbele ya injini ya mvuke, ile iliyofungwa farasi, unaweka kichwa hicho mahali pake. Pampu inabaki ya mvuke, mwendo unakuwa wa petroli. New York ilinunua vichwa hivyo kwa wingi kuanzia miaka ya 1911 na 1912. Halmashauri iliyokuwa imelipia injini nzuri ya mvuke haikulazimika kuiuza kama chuma chakavu ili ijiondoe kwenye bei ya nyasi. Sura yake ilikuwa mbaya kweli, pua ya gari mbele na bomba la moshi nyuma, ila kimahesabu ni ununuzi safi.

Cincinnati nayo haikubaki nyuma. Ahrens-Fox, warithi wa mafundi wa mvuke wa mji huo, walitengeneza magari ya petroli yenye pampu ya pistoni iliyowekwa mbele kabisa, mbele ya rejeta, na juu yake tufe kubwa linalong'aa. Watoto walidhani ni pambo. Ni kile chombo cha hewa cha Newsham: pistoni zinapiga mshindo, hewa iliyobanwa ndani ya tufe inausawazisha, mkondo unatoka bila kukatika. Washindani waliohamia kwenye pampu za kuzunguka, zisizotumia pistoni, hawakuhitaji tufe, na magari yao yalikuwa nafuu. Ahrens-Fox ilikuwa ya miji yenye fedha na yenye majengo marefu.

Chagua sasa

Ukiwa diwani wa mji mdogo wa mwaka 1855, nyumba mia chache, mto karibu, vijana wapo na hawajaanza kupigana: baki na pampu ya mkono. Muuzaji wa mvuke atakuonyesha mkondo unaopita juu ya mnara wa kanisa. Muulize nani atawasha boila saa nane za usiku na kwa mshahara wa nani. Akinyamaza, msindikize.

Ukiwa Cincinnati mwaka 1853, nunua mvuke, ila sharti la kwanza liwe mshahara. New York ilifanya kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1850 iliziingiza injini za mvuke kwenye vikosi vile vile vya kujitolea, ngumi zikaendelea, na mwaka 1865 bunge la jimbo likalazimika kuvivunja na kuunda kikosi cha kulipwa. London ilifika huko mwaka huo huo kwa njia ya machungu zaidi: Braidwood alikuwa ameuawa na ukuta ulioanguka katika moto wa Tooley Street tarehe 22 Juni 1861, hasara ikazishinda kampuni za bima, na sheria ya 1865 ikaliweka jukumu lote mikononi mwa umma.

Ukiwa na mvuke tayari katika miaka ya 1870, usinunue injini nyingine kabla hujamaliza boila ya kituoni, visanduku vya kengele na mabomba. Na weka akiba ya farasi, hata wa kukodi.

Mwaka 1912 inategemea kilichopo kituoni. Injini ya mvuke yenye umri chini ya miaka kumi na tano, ifungie kichwa cha Christie. Huna kitu kabisa, au una farasi wazee na boila inayovuja, nenda petroli moja kwa moja, pampu ya kuzunguka kama bajeti ni ya kawaida, Ahrens-Fox kama una maghorofa na mfuko mzito.

Na kwa mtambo wowote ule, kabla hujasaini, kagua meno ya viungio vya mipira. Tarehe 7 Februari 1904 Baltimore iliwaka kwa saa zaidi ya 30 na kupoteza majengo zaidi ya 1,500. Wazimamoto wa Washington walifika kwa treni pamoja na injini zao, wakakuta viungio vyao haviingii kwenye haidranti za Baltimore, na waliotoka miji mingine wakakutana na tatizo lile lile. Kipimo cha pamoja cha kitaifa kilipitishwa mwaka uliofuata: mpira wa inchi mbili na nusu, meno saba na nusu kwa kila inchi. Kipimo hicho kiandikwe kwenye mkataba, na muuzaji afunge mpira wake kwenye haidranti ya mji wako, na kwenye ya mji wa jirani, kabla hajalipwa.